Kodi na mtu wa kipato kidogo: majibu kwa wasomaji wa Lamu na Malindi

Tangu Mswada wa Fedha wa 2024 uondolewe mwezi Juni mwaka ule, watu wetu hawajaacha kuuliza kila badiliko la kodi litawagusa vipi, na wana haki ya kuuliza, kwa sababu mswada ule ulitaka kutoza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Barua nilizopokea safari hii zimetoka Pate, Amu na Malindi. Ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, maana jambo inalolieleza linamfikia karibu kila mtu wa visiwani.

Asalam aleikum, Maalim. Mimi ni mvuvi wa Kizingitini. Nimeambiwa kwamba nikinunua petroli ya mashine ya boti nalipa na pesa za barabara. Boti yangu haijapata kupita barabarani. Ni kweli?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ni kweli. Tozo ya matengenezo ya barabara, iliyowekwa kwa sheria ya 1993, hutozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli, na Julai 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25. Inatozwa kwenye mafuta yenyewe, wala hakuna anayeuliza yanakwenda kutiwa kwenye lori au kwenye boti. Zaidi ya hayo, VAT ya mafuta, ambayo Julai 2023 ilitoka asilimia 8 ikafika asilimia 16, huhesabiwa juu ya bei iliyokwisha kubeba tozo hiyo, kwa hivyo shilingi 25 za barabara hukufikia wewe zikiwa 29. Ukijaza mtungi mmoja wa lita 20, umeshatoa shilingi 580 za barabara kabla hujaivuta kamba ya mashine.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba mvuvi hana pa kuupeleka mzigo huo. Mwenye lori akipandishiwa mafuta huongeza nauli ya mizigo, lakini wewe bei ya samaki wako hupangiwa na mnunuzi mwenye barafu anayekungoja ufukweni, naye hakuulizi umechoma lita ngapi. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, mashine hunywa zaidi na samaki hupungua, na tozo ni ile ile. Kodi ya mapato walau hungoja mtu apate ndipo imdai. Tozo ya mafuta hudai hata siku uliyorudi na ndoo tupu.

Boti za abiria baina ya Mokowe na Amu nazo zinachoma mafuta hayo hayo, na gharama yake imo ndani ya nauli wanayolipa mwanafunzi, mgonjwa na mama mjamzito. Mji wa Amu unategemea punda na boti, na sioni haki yoyote katika kumtoza mtu wa hapa kwa kipimo kile kile anachotozwa mwenye gari la Nairobi. Si jambo lisilo na dawa. Afrika Kusini ina utaratibu wa kuwarudishia wavuvi na wakulima sehemu ya kodi ya dizeli wanayoitumia kazini, na sisi tunaweza kuomba utaratibu unaofanana na huo kwa vyombo vya baharini vilivyosajiliwa.

Mafuta ya taa nayo tusiyasahau. Tangu 2018 yamebeba tozo ya shilingi 18 kwa lita, iliyowekwa ili kuzuia uchanganyaji na dizeli, na anayeilipa ni yule anayepikia stovu au kuwashia taa. Gesi iliondolewa VAT mwaka 2023, lakini nafuu hiyo humfaa mwenye uwezo wa kununua mtungi na jiko lake kwanza.

Nafanya usafi katika hoteli Malindi, mshahara wangu ni shilingi 18,000. Redioni wanasema mtu wa chini ya 24,000 halipi kodi. Mbona nakatwa?

Mwanangu, waliosema hivyo wameisema PAYE peke yake, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Asilimia 10 ya mshahara wako ni shilingi 1,800, na nafuu anayopewa kila mfanyakazi ni shilingi 2,400 kwa mwezi, kwa hivyo PAYE yako ni sufuri. Yanayokupunguzia ni makato mengine: NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 6, yaani 1,080, bima ya afya, SHIF, asilimia 2.75, yaani 495, na tozo ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, yaani 270. Jumla ni 1,845, na mkononi unabaki na 16,155. Pesa za NSSF ni akiba yako na mwajiri huongeza kiasi kama hicho, basi usizihesabu kuwa zimepotea, lakini hakikisha kwa kuuliza NSSF na mamlaka ya bima ya afya, SHA, wenyewe kwamba kilichokatwa kimefika.

Nataka uone jambo moja hapo. Mtu ambaye serikali yenyewe imekubali kwamba kipato chake ni kidogo mno kutozwa kodi ya mapato hukatwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mshahara kwa makato yanayoanzia shilingi ya kwanza. Ndiyo sababu ukisikia PAYE itapunguzwa, habari hiyo ni njema kwa wengine, lakini kwako haiongezi hata shilingi. Cha kukufaa wewe ni SHIF na tozo ya nyumba kuwekewa kiwango cha mshahara ambacho chini yake mtu hakatwi.

Nauza mahamri na mbaazi asubuhi Langoni. Nina PIN ya kodi ya zamani. Je, nitatozwa ile kodi ya asilimia 3 ya mauzo?

Mama, kodi hiyo inamhusu mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Milioni moja ni kama shilingi 83,000 za mauzo kila mwezi, na hayo ni mauzo yote, si faida. Ukiwa chini ya hapo haikuhusu. Lakini kwa kuwa una PIN, peleka ripoti ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni hata kama huna cha kulipa, kwani faini ya kuchelewa haipungui shilingi 2,000, na nimeona wanawake wengi wakiigundua siku wanapotafuta mkopo.

Mzigo wako hasa ni SHIF. Asiye na mwajiri hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake, kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na sheria inataka alipe ya mwaka mzima, yaani si chini ya 3,600. Mia tatu kwa mwezi mchuuzi anaweza kuzidunduliza; elfu tatu na mia sita kwa mkupuo ni mtaji wa unga na mafuta uliotoweka. Bima yenyewe naiunga mkono kwa moyo wote, lakini malipo yake yangefuata jinsi watu wanavyopata, wiki kwa wiki.

Marehemu mume wangu aliniachia vyumba vitatu vya kukodisha Maweni, kila kimoja 7,000. Nimeambiwa mamlaka ya kodi, KRA, watachukua kodi ya nyumba.

Pole kwa msiba, dada yangu. Kodi ya mapato ya pango, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, huanzia pango la zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka. Lako ni 252,000. Kama huna kipato kingine, hudaiwi kodi hiyo. Ukiongeza chumba cha nne kwa bei hiyo hiyo utafika 336,000, na hapo utadaiwa shilingi 2,100 kwa mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Kijana wangu ananitumia 3,000 kila mwezi kwa simu. Serikali inakata asilimia 15 yake?

Hapana, bibi. Asilimia 15 hutozwa kwenye ada ya kutuma au kutoa, si kwenye pesa zenyewe.

Mdogo wangu ana ulemavu wa miguu na ameajiriwa. Ana msamaha wowote?

Anao. Kipato chake cha hadi shilingi 150,000 kwa mwezi hakitozwi kodi ya mapato, ila msamaha hauji wenyewe. Lazima asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha aombe cheti cha KRA. Kwa mtu wa Faza au Kiunga, uchunguzi wa daktari pekee ni safari ya boti na gharama zake, na nchi inayowapa walemavu haki hii ingewafuata na madaktari huko waliko.

Kila mwaka tunaambiwa tutoe maoni. Kuna anayeyasikiza?

Ibara ya 201 ya Katiba inataka ushirikishwaji wa wananchi katika masuala ya fedha, na inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Mwaka 2024, kabla ya mswada wenyewe kuondolewa, kamati ya fedha ya Bunge la Kitaifa ilikuwa imeshakubali kuiacha kodi ya mkate kwa sababu ya kelele za watu. Mswada hufika bungeni mwisho wa Aprili na hukamilishwa kufikia mwisho wa Juni, kwa hivyo nafasi iliyopo ni finyu na matayarisho hayana budi kuanza mapema.

Nawaomba viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo, za Kizingitini, Faza na Amu wawashike wavuvi waanze kudai risiti za petroli, maana mafuta ya mitungi hununuliwa bila karatasi, na ombi la kurudishiwa tozo bila karatasi halifiki mbali. Kusanyeni risiti za msimu mmoja wa kusi pamoja na daftari la samaki walioshushwa, taja kifungu cha sheria mnachotaka kibadilishwe, mwandikieni Karani wa Bunge la Kitaifa, na nakala mpe mbunge wenu. Andikeni kwa Kiswahili bila wasiwasi: ibara ya 120 inakitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge.