Nyigu mwenye kichwa cha mraba karibu na manzuki

SWALI: Ninafuga nyuki Sikonge, mkoani Tabora. Karibu na mizinga nimemwona nyigu mweusi mwenye madoa ya njano, kichwa kikubwa na kiuno chembamba, akiingia katika tundu ubavuni mwa bua la ua la mshubiri. Picha za karibu nimeziambatisha. Ni spishi gani, na je, anawinda nyuki wangu?

JIBU: Ndugu mfugaji, huyo ni nyigu mpweke wa familia ya Crabronidae, na kwa kuwa sehemu ya kwanza ya tumbo lake imerefuka kama kikonyo, naye anajenga ndani ya bua, ninamweka katika jenasi ya Dasyproctus, ambayo imeenea Afrika.

Rangi isikupe hofu, kwani nyigu weusi wenye njano ni wengi, akiwamo Philanthus triangulum, ambaye kweli huwinda nyuki wa asali. Tofauti iko kwenye bawa la mbele: chini ya kidoa cha ukingoni, Philanthus ana vyumba vitatu vilivyozungukwa na mishipa, ilhali huyu wako, kama picha ya pili inavyoonyesha vizuri, ana kimoja tu. Vipapasio vyake pia vimeota chini kabisa ya uso, vikiwa vimekaribiana, juu kidogo ya vinyweleo vinavyong'aa kama fedha; vya Philanthus vimeota juu zaidi, vimeachana, na hunenepa kuelekea nchani.

Windo lake ni nzi. Ukitaka kujiridhisha, pasua kwa urefu bua la zamani lililokwisha kuachwa, nawe utakuta vyumba vimepangwa kwa mstari, vimetenganishwa na chembechembe za moyo wa bua, na ndani yake masalia ya chakula cha mabuu. Kagua miili iliyobaki mizima: nzi ana jozi moja ya mabawa, nyuki ana mbili.

Kuhusu spishi, picha hazitoshi, na anayekutajia jina kamili kwa kuzitazama tu anabahatisha. Zinahitajika sampuli, ikiwezekana dume na jike, zichunguzwe kwa hadubini, hasa michoro ya sehemu ya nyuma ya kifua. Wakaushe, wachome pini, uandike mahali, tarehe na mmea, na kipande cha bua lenye kiota ukihifadhi pamoja nao. Bua ambalo jike bado anapeleka nzi liache kwanza.