Kabla Hujasema Muziki wa Filamu Fulani Ni Mbovu

Kijana mmoja wa Langoni, Lamu, ametuandikia akiwa na hasira. Baraza lao limegawanyika. Kuna wanaoapa kuwa muziki wa Oppenheimer, filamu ya mwanasayansi wa bomu la atomiki, ndio bora kuliko wote wa miaka hii, na kuna wanaosema ni fidla zinazopiga kelele saa tatu mfululizo na kufunika maneno ya watu. Wamebishana tangu walipotoka kusali isha, na mwisho wakaanza kutajiana mambo ya nyumbani yasiyohusu filamu hata kidogo. Anataka tumwambie nani yuko sawa.

Ndugu yetu, swali la kwanza ni hili: mliisikiliza kwa kifaa gani? Tunauliza kwa dhati. Lawama nyingi zinazotupiwa watunzi ni lawama za waya.

Filamu nyingi za siku hizi huja na njia sita za sauti: kushoto, kulia, katikati, mbili za nyuma, na moja ya besi. Mazungumzo karibu yote huwekwa katika njia ya katikati. Muziki hutandazwa zaidi kushoto na kulia. Sasa chukua laptopu inayodhani imeunganishwa na spika sita, uichomeke kwenye amplifaya ya spika mbili. Ile njia ya katikati haina pa kwenda. Utasikia muziki umejaa tele, na waigizaji wanaongea kama walio ndani ya kisima, kwa sababu kilichobaki cha sauti zao ni mwangwi tu uliomwagwa kwenye njia za pembeni. Baraza zima litasema mtunzi ameharibu.

Kulirekebisha ni kazi ya dakika moja. Fungua mipangilio ya sauti ya kompyuta, sema una spika mbili. Kama unatumia VLC, ingia pia kwenye menyu yake ya sauti uchague stirio. Kisha jaribu kwa tukio la watu wawili wanaozungumza chumbani pasipo muziki wowote. Maneno yakionekana kutoka hewani, kati ya spika zako mbili, mambo yako sawa. Yakiwa membamba, ya mbali, yenye mwangwi, katikati bado haipo. Rudi kwenye mipangilio.

Halafu chumba chenyewe. Nyumba za mawe za Lamu ni nzuri kwa joto na mbaya kwa besi. Kuta nene za matumbawe zilizopakwa chokaa hurudisha sauti yote. Wufa ikisukumwa kwenye pembe ya ukuta, besi inavimba mpaka huwezi kujua chelo ni ipi na ngoma ni ipi. Itoe pembeni hatua moja au mbili, rudisha kitufe cha besi katikati, tandika zulia au mkeka mnene sakafuni, tundika pazia zito ukutani nyuma ya mnapoketi. Spika mbili na kichwa cha msikilizaji vifanye pembetatu yenye pande sawa. Mabanda ya mabati yana tatizo jingine, kwamba paa lenyewe hutetemeka na kuongeza mlio ambao mtunzi hakuuandika. Hapo dawa ni kupunguza sauti, hakuna nyingine.

Nakala nayo ina neno lake. Iliyorekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema haifai kuhukumia muziki, wala ile ambayo dijei anaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Itazame ufurahi, lakini usiipigie kura. DVD za mfumo wa PAL huendeshwa kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 120 huisha kwa 115, na mara nyingi muziki hupanda karibu nusu toni. Na spika ya simu haitoi besi. Muziki wa Hans Zimmer katika Dune, uliompa Oscar mwaka 2022, ukipitia simu hubaki sauti ya mwanamke anayelia na mlio wa mchanga. Ile mitetemo ya chini inayobeba jangwa lote imeachwa nje. Mwenye simu tupu avae hedifoni zinazofunika sikio.

Baada ya hapo, hakikisheni mnagombania kitu kimoja. Pwani hii tumelelewa na sinema za Kihindi, na ndiyo maana tunachanganya nyimbo na muziki wa filamu, yaani ule unaopita chini ya matukio. "Naatu Naatu" ya RRR ilishinda Oscar ya mwaka 2023 kama wimbo. Tuzo ya muziki wa filamu usiku uleule ilikwenda kwa Volker Bertelmann, kwa All Quiet on the Western Front. Katika Pathaan, nyimbo ni za Vishal–Shekhar, lakini muziki unaotembea chini ya mapigano ni wa Sanchit na Ankit Balhara. Katika Jawan, Anirudh Ravichander alifanya vyote viwili. Ukiusifu muziki wa filamu kwa sababu ya wimbo mmoja wa dansi, huenda umempa sifa mtu mwingine kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Usihukumu filamu nzima kwa mkupuo. Chagua dakika kumi, uzipitie mara tatu.

Mara ya kwanza funika skrini kwa leso. Sikiliza tu, kalamu mkononi. Kila muziki unapoingia andika dakika na sekunde, na unapotoka vilevile. Andika na ala unazozitambua. Mara ya pili toa leso, zima sauti. Tazama nyuso, andika unachohisi bila kusaidiwa. Mara ya tatu weka vyote pamoja, na kwa kila muziki ulioingia jiulize umeleta nini ambacho picha haikuwa nacho. Kama uso wa mwigizaji ulikuwa umeshasema huzuni, na fidla zikaja kusema huzuni, hapo pana kasoro hata kama wimbo ni mtamu. Angalia hasa sekunde ya kuingia. Muziki unaotangulia tukio hukuandaa, na unaochelewa hukuacha na mwigizaji peke yake kwanza. Mtunzi hodari huchagua kati ya hayo kwa makusudi. Mvivu huingia mlango unapofunguliwa, kila mara, filamu nzima.

Mfano wa kujifunzia ni Joker ya 2019. Hildur Guðnadóttir alitunga sehemu kubwa kwa kusoma andiko la filamu, kabla kamera hazijawashwa. Lile tukio la chooni, mtu anapoanza kucheza polepole baada ya kuua, Joaquin Phoenix alilicheza akiusikia muziki huo palepale. Zima sauti utazame tena: mwili unafuata kitu usichokisikia. Au hiyo All Quiet: noti tatu tu, nzito, zilizopigwa kwenye kinanda cha upepo cha zamani kilichokuwa cha mama wa nyanya yake Bertelmann, kisha zikakwaruzwa kwa mitambo mpaka zikawa kama chuma. Andika kila mahali noti hizo zinapoanguka, utaona hazifuati risasi. Zinafuata ile mashine ya vita inayomeza vijana.

Kwa kuujua muziki mbovu kuna jaribio moja tunaloliamini kuliko mengine. Zima sauti ya filamu, kisha kwa simu piga muziki wa filamu nyingine ya aina ileile, wenye kasi inayokaribiana. Kama tukio halikupoteza kitu, basi muziki wake haukuwa wake. Filamu nyingi za mapigano zinazotolewa moja kwa moja kwenye mitandao ya kulipia huanguka hapo. Sababu inajulikana. Mhariri anapokata picha huweka muziki wa kuazima ili apate mwendo, mwongozaji anausikia kwa miezi mpaka anaupenda, kisha mtunzi anaambiwa "tufanyie kama huu." Wapo waongozaji waliokwenda mbali zaidi: Stanley Kubrick aliutupa muziki wote ambao Alex North aliutungia 2001: A Space Odyssey, filamu ya 1968, akabaki na ule wa kuazima. Yeye alichagua vizuri. Wengi wa leo wanapata nakala ya nakala.

Na tafadhali, wingi usiwahadae. The Zone of Interest ya 2023, filamu ya familia inayoishi kando ya kambi ya mauaji ya Wanazi, ina muziki kidogo mno wa Mica Levi. Skrini inakaa nyeusi mwanzoni huku sauti zikishuka, halafu muda mrefu hakuna ila vilio vya mbali nyuma ya ukuta wa bustani. Asiyeona kwamba huo nao ni uamuzi wa muziki hajasikiliza bado.

Tuzo nazo msizifanye mahakama. Dune: Part Two haikuingia hata kwenye mchujo wa Oscar, kwa kuwa kanuni inataka muziki wa filamu ya mwendelezo uwe mpya kwa asilimia 80, na Zimmer aliendeleza mengi aliyoyaanzisha kwenye ile ya kwanza. Kwetu sisi kuendeleza vizuri ulichokianza ni ufundi, si kasoro. Challengers ya 2024, ya Trent Reznor na Atticus Ross, ilipata Golden Globe lakini Oscar haikuiteua kabisa. Halafu Tenet ya 2020, inayotajwa kila mara kwenye orodha za mbaya: muziki wa Ludwig Göransson mle ndani ni mzuri. Kilichowakera watu ni uchanganyaji wa sauti, maneno kuzamishwa, na huo ni uamuzi wa mwongozaji.

Tukiwa kwa Göransson, liko jambo linalotuuma na hatulifichi. Black Panther ilimpa Oscar mwaka 2019, na kwa haki. Alikwenda Senegal, akazunguka na mwimbaji Baaba Maal, akampa mfalme T'Challa ngoma ya tama inayosema kama mtu, na adui yake Killmonger filimbi ya Wafulani. Ni kazi ya heshima. Lakini Wakanda, taifa la kubuni la filamu ile, limewekwa upande wetu wa Afrika, na upande wetu hausikiki. Siwa ya shaba, lile baragumu la kale, ipo Lamu, kwenye jumba la makumbusho. Nzumari bado inapigwa, matari bado yanapigwa kila Maulidi. Vijana wanaojua kwa sekunde mbili kwamba mpiga tari mmoja amekosea mkono, au kwamba udi umetoka kwenye maqamu yake, wanatuandikia eti "sisi hatujui muziki, tunafuata orodha za Marekani." Acheni hayo. Sikio mnalo, tena lililofunzwa. Kinachokosekana ni kalamu na subira ya kuandika dakika.

Turudi Langoni. Wanaoisifu Oppenheimer wana hoja: ule muziki unaoitwa "Can You Hear the Music" hubadilisha kasi mara 21, na ukijaribu kuufuata kwa mguu utapotea. Ndivyo kilivyo kichwa cha Oppenheimer akiwa kijana, wakati huo wa filamu. Wanaoilaumu nao wana hoja: muziki haupumziki, hata kwenye vikao vya ofisini ambako maneno yalijitosheleza, na mahali pengine unasukuma tukio lisilohitaji kusukumwa. Ila kwa sababu haupumziki, bomu linapolipuka na kubaki pumzi tupu za mtu, ukimya ule unapiga kuliko ngoma yoyote. Kwetu kazi hii ni kubwa, yenye robo saa hivi ya ziada.

Mkitaka kuendelea, chukueni tukio la ukumbini, Oppenheimer anapowahutubia wafanyakazi baada ya bomu kuangushwa Hiroshima na watu wanapiga miguu kwenye mbao. Vishindo hivyo vilishasikika kabla, zaidi ya mara moja. Kila upande uandike dakika zake peke yake, bila kuonyeshana: vishindo vinaanzia wapi, wapi ni fidla na wapi ni miguu, wapi vyote vinakatika. Halafu tutumieni karatasi zote mbili, tutazichapa bila kubadilisha neno.