Maswali na Majibu: Bawa kubwa la nini kama saketi huendi?

Swali la wiki hii ni lile lile la wiki zote: ukinunua gari la spoti, toleo la kawaida au toleo la saketi, yaani la uwanja wa mbio? Nimechagua barua ambazo mwandishi wake ametaja walau gari analolitaka. Wale wa "gari gani la spoti ni zuri" wasubiri hadi wajue wanatafuta nini.

Nina fedha za kununua Porsche 911 GT3 RS, lile toleo la saketi lenye bawa kubwa, ila rafiki yangu ananishauri nichukue GT3 ya kawaida. Sijawahi kuingia saketi lakini napanga. Nichukue ipi?

GT3. Hilo neno "napanga" limekujibu kabla yangu. Na kama hupendi kuhojiwa kila unapojaza mafuta, chukua ile ya Touring isiyo na bawa la kusimama. Injini ni ile ile ya lita 4.0, na inafika mizunguko ile ile 9,000 kwa dakika.

Mbona unaipiga vita RS? Lile bawa linaikandamiza gari chini, kwa hiyo hata barabarani ni salama zaidi. Hesabu haidanganyi.

Haidanganyi, ila umesoma mstari mmoja ukafunga daftari. Porsche wanasema RS ya kizazi cha 992 inapata kilo 860 za mkandamizo wa hewa ikiwa kwenye kilomita 285 kwa saa. Kwenye 200 zimebaki 409. Endelea kushuka, maana mkandamizo unafuata mraba wa mwendo: mwendo ukipungua nusu, mkandamizo unabaki robo. Ukifika 100 una kilo mia moja hivi, sawa na abiria mmoja mnene. Kwenye kona ya mtaani, kwa mwendo wa 50, ni kilo ishirini na kitu. Huo ndio usalama unaotaka kuulipia.

Na hata hizo 860 zina gharama yake. Bawa linalokandamiza ndilo hilo hilo linalovuta nyuma: GT3 ya 2021 yenye PDK, giaboksi inayobadilisha gia yenyewe, inafika kilomita 318 kwa saa, RS inaishia 296 ingawa injini yake ina nguvu zaidi. Ili hewa ipite inavyotakiwa, zile rejeta tatu za GT3 zimeondolewa, ikawekwa moja kubwa iliyolazwa mbele, pale pale palipokuwa na buti la mizigo. Kwa hiyo buti halipo tena. Begi la safari linakaa nyuma ya viti.

Sikatai kwamba ni kazi nzuri mno ya uhandisi. Kwenye usukani kuna vitufe vya kuzungusha ambavyo vinakuwezesha kurekebisha shokapu ukiwa unaendesha: jinsi zinavyobonyea na jinsi zinavyorudi, za mbele peke yake, za nyuma peke yake. Dereva anayejua kama gari lake linateleza mbele au nyuma atavifurahia siku nzima. Asiyejua atavizungusha hadi asahau alianzia wapi. Mimi RS siipigi vita. Napiga vita RS inayoamkia kwenye foleni ya kwenda ofisini.

GT3 ilizunguka Nürburgring, ile saketi ya Ujerumani, kwa dakika 6:59, RS kwa 6:49. Sekunde kumi! Unawezaje kusema tofauti ni ndogo?

Sikusema ni ndogo. Nasema si zako.

Muda wa GT3, dakika 6 na sekunde 59.9, uliwekwa na Lars Kern. Ule wa RS, 6:49.3, uliwekwa na Jörg Bergmeister. Wote wawili ni madereva wa kulipwa wanaoijua ile saketi kona kwa kona, na magari yote mawili yalivaa Michelin Pilot Sport Cup 2 R, tairi ambalo halipendi maji hata kidogo. Mzunguko ule una urefu wa kilomita 20.8. Gawanya, utapata nusu sekunde kwa kila kilomita. Mtu wa kawaida hukanyaga breki mapema kwenye kona moja, akachelewa kurudi kwenye mafuta kwenye nyingine, na nusu sekunde yake imekwisha kabla hajabadilisha gia. Mtu huyo huyo, kwenye gari hilo hilo, mchana ule ule, mizunguko yake hupishana kwa sekunde kadhaa.

Tofauti ya bei kati ya matoleo haya mawili inatosha kumlipa mwalimu wa saketi kwa muda mrefu sana. Anakaa kiti cha pembeni, anakuambia macho yako yatazame wapi. Hilo litakupunguzia muda kuliko bawa lolote. Na tafadhali, acheni kuniletea nyakati za Nürburgring zilizonakiliwa bila kutaja matairi.

Mume wangu amezama kwenye Renault Mégane R.S. Trophy-R. Anasema ni gari la familia kwa sababu ni Mégane. Tuna watoto wawili.

Dada yangu, Trophy-R ya 2019 haina kiti cha nyuma. Kiliondolewa kiwandani ili kupunguza uzito. Mwombe akuonyeshe watoto watakaa wapi, halafu nyamaza.

Nimenunua gari la mkononi lenye matairi ya Pilot Sport Cup 2. Mvua ikinyesha linateleza vibaya mno. Fundi anasema ni shokapu. Nibadilishe?

Badilisha fundi. Kisha piga magoti ulitazame tairi lenyewe: upande wa nje ni mpira karibu mtupu, mifereji ni michache tu na imejibana katikati. Kwenye lami kavu mpira mwingi unaogusa chini ni raha tupu. Lami ikijaa maji, maji hayana pa kutokea, na tairi linapanda juu yake. Limetengenezwa hivyo kwa makusudi. Baridi nayo ina yake, kwa sababu mpira wa aina hii unataka joto kwanza ndipo ushike. Asubuhi ya baridi, kona ya kwanza baada ya geti ndiyo ya kuogopa.

BMW walipotoa M3 CSL mwaka 2003, mnunuzi aliyetaka matairi ya Cup alitakiwa kusaini karatasi kwamba ameelewa tabia yake kwenye maji. Gari lile lile lilitoka bila redio na bila kiyoyozi, ila ukivitaka vilirudishwa bila malipo. Kampuni ilijua vizuri inamuuzia nani. Sasa mnunuzi wa kwanza alisaini. Wewe wa tatu hukuambiwa hata neno.

Soma tarakimu nne za mwisho za maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi. Ikiwa ni 2319, lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari haya hukaa ndani sana, kwa hiyo unaweza kukuta mifereji bado mizima na mpira umeshakuwa mgumu kama ubao. Kwa barabarani vaa Pilot Sport 4 S au tairi la hadhi hiyo la kampuni nyingine, la saizi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Hayo ya Cup, kama bado machanga, yatunze kwa siku za saketi.

GT3 RS ya gia za mkono inapatikana?

Ya 992, hapana. Wala 718 Cayman GT4 RS, Porsche mdogo wake. Sitalijibu tena swali hili.

Nina Toyota GR86 ya kawaida, nataka niifanye ya saketi badala ya kununua gari jingine. Nimeshaulizia bei ya mabomba ya chuma ya ndani, viti vya mbio na mikanda ya pointi sita. Nianze na kipi?

Umeshika mambo kwa mkia. Wazo la kubaki na GR86 ni zuri kuliko barua zote nilizopokea mwezi huu. Orodha yako ndiyo inayonitisha.

Tuanze na mabomba. Chuma kile kinapita karibu kabisa na kichwa chako. Saketi, ukiwa umevaa helmeti, kitakuokoa gari likipinduka. Barabarani, kichwa wazi, ukigongwa ubavuni, kichwa kinakwenda moja kwa moja kwenye chuma. Sifongo inayozungushiwa bomba haiwi helmeti hata ikiwa nene namna gani. Mikanda vilevile: ule wa kiwandani unakuruhusu kuinama paa linapobonyea. Wa pointi sita unakushikilia wima, na shingo ndiyo inayolipokea paa. Ndiyo maana mikanda hiyo huenda pamoja na mabomba, kiti cha mbio, helmeti na kifaa cha kushikilia shingo, na gari la namna hiyo hupakiwa kwenye trela. Huwezi kuchukua nusu ya vitu hivyo ukaenda navyo kazini.

Anza na mafuta ya breki. Ndiyo, hicho kichupa cha bei ndogo. DOT 4, aina ya mafuta ya breki inayotumika sana, ikiwa mpya, kiwango cha chini kinachokubalika ni kuchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango hicho kinashuka hadi 155, na unyevu inaunyonya hata gari likiwa limeegeshwa tu. Ukiingia saketi na mafuta ya miaka mitatu, mizunguko miwili ya mwanzo utajiona bingwa. Wa tatu au wa nne, kanyagio iliyokuwa ngumu inalainika, kisha inazama kuelekea sakafuni. Ni mvuke umejikusanya kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana padi, na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Ukiisikia ile hali ya kulainika, usingoje kona nyingine ukahakikishe. Punguza mwendo, zunguka taratibu breki zipate upepo, toka. Ukishaegesha weka gia na usivute hendibreki, ili breki za moto zipoe bila kubanwa.

Baada ya mafuta, padi zinazostahimili joto. Baada ya padi, matairi. Kisha alaimenti, lakini mwambie fundi asilaze magurudumu kupita kiasi, la sivyo matairi yataisha upande wa ndani ukiwa barabarani na wewe kwa nje unaona bado mapya. Gari lenye kilo chini ya 1,300 halidai makubwa zaidi ya hayo. Wenye GT3 wengi watakuona kwenye kioo chao na hawatafurahi.

Matoleo ya saketi yanapanda bei kila mwaka. Kwa nini usituambie ukweli kwamba ni uwekezaji?

Waulize waliokimbilia 911 R. Ilitoka 2016, magari 991 tu, gia za mkono, bila bawa, na walanguzi wakaipandisha bei mpaka ikawa kichekesho. Mwaka uliofuata Porsche wakaleta GT3 Touring, gia za mkono, bila bawa, bila kikomo cha idadi. Bei za R zikapoa. Hakuna kiwanda kilichokuahidi kwamba hakitatengeneza jingine zuri kuliko lako.

Halafu kuna jambo linalonichekesha kila nikilifikiria. Carrera RS 2.7 ya 1973, mzazi wa RS zote, ilitengenezwa 1,580. Lilikuwepo toleo jepesi la kilo 960, na toleo la Touring lenye kapeti na viti vya kueleweka, kilo 1,075. Waliochukua jepesi ni kama 200. Zaidi ya 1,300 walichukua Touring, nao walikuwa watu wenye gari moja na akili timamu. Leo lile jepesi ndilo ghali kuliko Touring, na wajukuu wanapandishiana dau mnadani kwa gari ambalo babu zao walilipita kwa kukosa kapeti.

Ukitaka kuwekeza, wekeza. Gari lililonunuliwa ili liuzwe haliendeshwi, na lisiloendeshwa sina ushauri nalo.

Nina bima kubwa. Nikigonga ukuta saketi, watanilipa?

Karibu kwa hakika, hapana. Fungua ukurasa wa mambo yasiyolipwa, utaikuta saketi imetajwa, mara nyingine hata kama hakuna mashindano. Bima ya siku ya saketi inauzwa peke yake. Uliza pia uzio ukiuvunja unalipwa na nani, maana saketi nyingi zitakutumia wewe ankara.

Naenda saketi mara mbili kwa mwezi, nina trela, na gari la kazini ni jingine. Nimepata mbili za mwaka 2018: GT3 ya gia za mkono iliyochapwa saketi, na GT3 RS iliyokaa tu ndani. Muuzaji wa GT3 anaapa haijawahi kuzungushwa kupita kiasi.

Hatimaye! Wewe ndiye RS ilitengenezwa kwa ajili yako. Ichukue, ubadilishe matairi na mafuta yote kabla ya kuigusa saketi, hata kama kilomita ni chache. Kama ina diski za kauri, toa magurudumu uzitazame kingo zake kwa tochi. Fundi mzembe akiligongesha rimu pale anapolivua, kipande kinabanduka, na bei ya diski moja itakukosesha usingizi.

Kama moyo bado uko kwenye gia za mkono, kiapo cha muuzaji kiache hapo hapo. Dereva akikosea, akatupia ya pili badala ya ya nne, magurudumu yanailazimisha injini kuvuka kikomo na hakuna kifaa cha kuizuia. PDK hukataa kosa hilo, mkono haukatai. Kompyuta ya injini huandika matukio ya namna hiyo: imevuka kwa kiwango gani na injini ilikuwa imeshafanya kazi saa ngapi. Omba ripoti hiyo isomwe ukiwa umesimama hapo. Wakati inasomwa, chungulia ndani ya mapango ya magurudumu utafute vipande vya mpira uliogandia, na tazama kama rangi ya kalipa imebadilika kwa joto. Akikuambia mashine ya kusomea imeharibika wiki hii, mpigie mwenye RS.