Harufu inasikika kweli, au inanuswa tu?

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Juzi niliandika kwenye grupu letu "jamani nasikia harufu ya moshi", mmoja akanirukia palepale, eti harufu haisikiwi, pua sio sikio, niseme "nanusa" au "nahisi". Wengine wakamuunga mkono, na kuna aliyeongeza kwamba ndo maana wasemaji wa Kiswahili hatuko makini, hata hisi tano tunazichanganya. Mi nimekua nasikia harufu miaka yote. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Uko sahihi wewe, na ungeweza kumjibu kwa methali moja tu: sikio la kufa halisikii dawa. Hapo dawa imepiga kelele gani mpaka isikiwe? Haijapiga. Methali inasema sikio, inasema halisikii, na bado haizungumzii sauti hata kidogo, inazungumzia mwili kuipokea dawa au kuikataa. Kwa hiyo huu mtindo haujaletwa na vijana wa meseji, uko ndani ya lugha toka zamani. Na ndugu zake Kiswahili wako hivohivo, Kizulu kina -zwa, Kishona -nzwa, Kiganda -wulira, Kikuyu -igua, vyote ni kusikia kwa masikio na vyote vinabeba pia mambo mengine ambayo mwili unayapata bila masikio. Sio Wabantu peke yao pia, Mwitaliano ana sentire yake, sauti anaisentire, harufu anaisentire, baridi nayo hivohivo, na hakuna anayemwambia hajui pua iko wapi.

Kosa la mwenzako ni kudhani kwamba vitenzi vyetu vimegawanywa kwa viungo, jicho na kitenzi chake, sikio na chake, pua na chake. Kiswahili kimegawa kwa namna nyingine kabisa, kinauliza kitu kimekujia chenyewe au umekifuata? Angalia hizi jozi. Kuona na kutazama, unaweza kuona gari likipita bila kulitazama. Kusikia na kusikiliza, nimekusikia ila sikukusikiliza, kila mzazi anaijua hiyo. Sasa kusikia harufu na kunusa ni jozi ileile ya tatu. Ukinusa umeamua, umesogeza pua, umevuta pumzi. Mtu anachukua shati alilovaa jana analinusa kabla hajalivaa tena, hapo ananusa kwelikweli. Lakini wewe ulikuwa umekaa zako, moshi ukakufuata mwenyewe, ukaupata. Ungeandika "nanusa moshi", mi ningekuelewa kama mtu anayezunguka vyumbani ameinua pua anatafuta unatoka wapi.

"Nahisi harufu" sio kosa, redioni na kwenye vitabu vya shule utaikuta sana. Ila kwenye sikio langu mimi kuhisi, ambalo tumelitoa Kiarabu, linabeba ka-shaka fulani, manake kila siku tunalitumia kwa kudhania: nahisi kuna mtu nyuma ya mlango, nahisi yeye ndo kachukua. Ukisema nahisi harufu ya moshi kuna atakayejibu "aah unahisi tu", ukisema naisikia, watu wanasimama. Hayo ni maoni yangu, usiyachukue kama sheria.

Na tukienda kwa mantiki yake huyo bwana, kuona nako itabidi kufungwe. Naona njaa, naona baridi, naona aibu, naona uchungu, naona bora tuondoke, yote hayo jicho halipo. Asiyeona kwa macho anakwambia "naona umechelewa leo", na mkiachana "haya tutaonana", wala hakuna anayeshtuka. Tena angalia hili, sikiliza uone, gusa uone, onja uone, nusa uone! Hisi zote zinapeleka ripoti kwa kuona, kama vile kuona ndo hakimu anayetoa hukumu mwisho. Ndo maana pia "naona mvua itanyesha" ni hukumu yangu mwenyewe, lakini "nasikia mvua itanyesha" nimeletewa habari, ikikosa kunyesha usinidai. Kuona ni langu, kusikia nimepokea. Sasa harufu, njaa, usingizi, vyote ni vitu vya kupokea, na kuna wakati lugha inavigeuza kabisa viwe ndo watendaji: usingizi umenishika, njaa inaniuma, baridi imenipiga. Wewe mwenyewe unabaki mtendwa tu, umekaa pale.

Hiyo hoja ya kuchanganya hisi tano nimeipenda kwa sababu inajiua yenyewe. Kwanza nani kasema ziko tano? Milango mitano ya fahamu tumefundishwa wote, sawa, macho, masikio, pua, ulimi, ngozi. Haya, niambie kizunguzungu kinaingilia mlango upi. Njaa je? Na ukiwa gizani umefumba macho unajuaje mkono wako uko juu au chini? Hisi zipo zaidi ya tano, na kitenzi kama kusikia kinazibeba bila shida. Halafu cha kuchekesha, kiungo cha kutupa usawa wa mwili kiko ndani kabisa ya sikio, kikivurugika dunia inazunguka, kwa hiyo anayesema "nasikia kizunguzungu" kuna siku anasema kweli tupu ya kidaktari bila kujua. Imeangukia tu hivo, sidai wazee walipasua sikio wakaangalia.

Kuhusu kwamba neno moja linatufanya tusitofautishe, hapana. Pua inafanya kazi yake kabla mdomo haujachagua kitenzi. Mwanaisimu wa Sweden, Åke Viberg, mwaka 1984 alilinganisha vitenzi vya hisi kwenye lugha 53, akaona kutumia neno la hisi moja kwa hisi nyingine ni jambo la kawaida sana duniani, na mara nyingi linashuka kutoka kuona na kusikia kwenda kwa kuonja na kunusa, halipandi. Lugha inachoweza kufanya ni kukuzoesha kushika kitu fulani haraka. Wajahai, kabila moja la Malaysia, wana maneno ya harufu kama sisi tulivyo na ya rangi, na watafiti Asifa Majid na Niclas Burenhult walipowajaribu, matokeo wakayatoa 2014, Wajahai walitaja harufu kirahisi kama wanavyotaja rangi, wakati wasemaji wa Kiingereza kwenye harufu walihangaika na maelezo marefu. Na sisi hatuko masikini hivo, tuna shombo, vumba, kikwapa, uvundo, na tuna kunuka na kunukia ambavyo ukikosea herufi moja tu urafiki umeisha. Lugha inayochanganya hisi ingetoa wapi hayo yote?

Kwa hiyo kwenye barua, kwenye mtihani, kwenye grupu, andika "nasikia harufu" bila wasiwasi. Ila nina swali na mimi. Wakati mnabishana pua na sikio, kuna aliyeinuka kwenda kuangalia huo moshi unatoka wapi?