Kusema kwa mafumbo hakukukingi na kesi ya kashfa

SWALI: Mheshimiwa wakili, ninaendesha ukurasa wa habari za mtaa hapa Temeke. Mwenzangu anadai kwamba tukiandika kwa kile Waingereza wanachokiita "innuendo", bila kumtaja mtu jina, hatushtakiki. Neno hilo lina maana gani, na limetoka wapi?

JIBU: Ni jambo, aghalabu baya, linalodokezwa bila kusemwa waziwazi, sisi tungesema kijembe, na si lazima lihusu mapenzi kama vijana wanavyodhani. Limetokana na kitenzi cha Kilatini "innuere", yaani kumwashiria mtu kwa kichwa.

Kinachonichosha ni dai la mwenzako, ambalo nalisikia karibu kila mteja wa aina yenu anapoingia ofisini. Neno hilo lilikuwa chombo cha mahakama cha kumfichua mfumbaji, wala halikuwa maficho yake. Katika hati za kale za madai ya kashfa, mwandishi alinukuu maneno ya mdaiwa kisha akalichomeka, kwa maana ya "yaani", ili kuonyesha nani aliyekusudiwa: yule, innuendo mdai, ni mwizi. Hata leo wakili wa mdai hulitumia anapoeleza maana iliyofichika na mambo ambayo wasomaji waliyajua hata wakaielewa.

Mwaka 1929 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua shauri la Bi Cassidy dhidi ya gazeti la Daily Mirror, lililochapisha picha ya mumewe akiwa na mwanamke mwingine na kueleza kuwa wawili hao wamechumbiana. Bi Cassidy hakutajwa popote, na gazeti halikujua kwamba bwana huyo ana mke. Lakini waliomfahamu bibi huyo walielewa kwamba anaishi na mwanaume asiye mumewe, naye akashinda na kulipwa pauni 500. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, ila huzingatiwa.

Kwa hiyo wale wanaojiita washauri wa mitandaoni, wanaowafundisha watu kuandika herufi za mwanzo za jina, kumziba mtu macho pichani au kumalizia kwa "simlengi mtu", wanauza dawa isiyotibu. Swali la mahakama ni iwapo msomaji wa kawaida anayemfahamu mhusika angemtambua, na maoni ya wafuasi wenu wenyewe, "huyu si mwenyekiti wetu?", ndiyo ushahidi ambao wakili wa mdai ataanza kuuchapisha.