Ami Anasema Damu ya Kuongezewa ni Haramu, na Mtoto Amelazwa

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Tanga, nina mtoto wa miaka 6 mwenye selimundu. Juzi alishikwa na homa, na leo hospitali wamempima wakakuta damu imeshuka hadi 3.8, wanataka kumwongezea. Mume wangu yuko Muscat kikazi, ameniambia nimsikilize ndugu yake. Ami anasema damu ni haramu kwa nassi ya Qur'ani, ni najisi, na hatujui katoa Muislamu au kafiri. Jirani yangu yuko tayari kutoa yake, lakini ami anasema akitoa, mwanangu hataweza kuoa katika watoto wake. Anataka tumtoe wodini tukamsomee nyumbani na kumnywesha kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, jibu nimeshakupa kwa simu: tia saini, mtoto atiwe damu sasa hivi. Haya ninayoandika ni ya ami, na ya wenzake wanaosema kama yeye, maana si mara ya kwanza kuyasikia. Nilipokuwa kijana nilishika jeneza la mwanamke aliyetokwa na damu baada ya kujifungua. Chupa ilikuwa imeshaletwa, wazee wako varandani wanabishana inafaa au haifai. Mpaka walipokubaliana, nesi alikuwa anamfunika.

Ami ameisoma nusu ya aya. Sura ya Baqara, aya ya 173, inataja mzoga, damu na nyama ya nguruwe, kisha papo hapo, kabla aya haijafungwa, inasema aliyefikwa na dharura bila ya kutamani wala kupindukia mpaka hana dhambi. Na Al-An'aam 145 imefafanua: ni damu iliyomwagika, na kilichoharamishwa ni kwa mlaji anayekila. Sasa mtoto huyu anakula nini? Kalala na sindano mkononi, kinywa chake hakijaguswa na kitu.

Lakini tumpe ami hoja yake yote. Tuseme ni haramu, tuseme ni najisi. Dharura gani inayosubiriwa baada ya damu kufika 3.8 na mtoto anahema kama aliyetoka mbio? Masruq, katika matabiina, kizazi kilichowafuata Masahaba, alisema aliyelazimika kula mzoga akakataa mpaka akafa, ataingia motoni. Hayo ni kwa mtu anayejizuilia nafsi yake mwenyewe. Anayemzuilia mtoto wa mwenzake, mimi nashindwa hata kuanza kumtafutia udhuru.

Najua atakuja na kauli ya sahaba Ibn Mas'ud, kwamba Allah hakuweka ponyo letu katika alichotuharamishia. Kauli hiyo Bukhari kaitaja, na ilisemwa juu ya kileo. Ndiyo maana sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambao mkojo wa ngamia kwetu ni najisi, tumeichukua hadithi ya wagonjwa wa kabila la Urayna walioamrishwa na Mtume kuunywa kuwa ni dalili ya kufaa kujitibu kwa najisi isiyolevya, inapokosekana tiba iliyo safi. Na wasiwasi kwamba sala yake itakuwaje na najisi mwilini, Imamu Nawawi kaumaliza katika Minhaji, kitabu ambacho ami anakijua kwa sababu kinasomeshwa katika misikiti yetu: mwenye kuunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kisafi, ana udhuru. Mfupa unakaa mwilini maisha. Damu je?

Na hili la damu ya kafiri, limetoka wapi? Mwili wa binadamu ni safi, awe Muislamu au asiwe. Imani haipiti kwenye mpira wa dripu. Kinachopita ni maradhi, na ndiyo maana damu hupimwa kwanza: VVU, homa ya ini B na C, kaswende. Wanaoikataa damu kwa misingi ya dini ni Mashahidi wa Yehova, tangu 1945, kwa kushika Matendo ya Mitume 15:29. Hiyo ni dini yao, wao na Mola wao. Sisi hatuna fatwa hiyo ya kuazima.

Suala la jirani ni jepesi. Udugu wa kunyonya unatokana na maziwa, mtoto akiwa chini ya miaka miwili, na kwetu Mashafii ni manyonyo matano. Mwanao ana miaka 6, na alichopewa ni damu. Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu duniani, huko Makka lililijadili hili mwaka 1989 likaamua kwamba damu haileti uharamu wa kuoana. Jirani yako Allah amlipe. Ila asilipwe pesa, Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya damu.

Mume anayesema "msikilize ndugu yangu" akiwa Muscat hakumwona mtoto alivyo. Utiifu kwa mume hauingii hapa, na saini yako ya umama inatosha. Mpigie, mwonyeshe kwa video viganja vya mwanawe vilivyokuwa vyeupe. Nadhani atabadilika.

Kuna hadithi ningependa ami aisikie kwangu mwenyewe. Sahaba Jabir anasimulia: mtu alipasuliwa kichwa safarini, kisha akaota ndotoni, ikampasa kuoga janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, yaani kujipangusa kwa udongo badala ya maji. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume akasema: "Wamemuua, Allah awaue! Si wangeuliza ikiwa hawajui?" Wale hawakuwa watu waovu, mwanangu. Walikuwa wanailinda dini, kama ami.

Jambo jingine, na hili hukuniuliza. Umeniambia kwenye simu kwamba wakwe wanasema ugonjwa umetoka upande wako. Si kweli. Selimundu haimpati mtoto mpaka baba na mama wote wawili wawe na vinasaba vyake, na hapo kila mimba ina nafasi moja katika nne. Mna binti mkubwa ambaye, nasikia, anaposwa na binamu yake. Wapimeni wote wawili kabla ya mahari kupokelewa. Hakuna aibu, na kuvunja posa ni rahisi kuliko haya unayoyapitia usiku huu.

Ndugu watatakiwa kurudisha damu benki, ndio utaratibu. Kesho baada ya alfajiri nitakuja na vijana wawili wa madrasa, mimi uzee umeshanizuia kutoa. Mwambie ami aje pia, kilo zake zinatosha. Na kombe asilisahau, sijalikataa: nitaliandika mwenyewe kwa zafarani. Nesi akiruhusu, mtoto atalinywa akiwa kitandani, dripu ikiendelea.