Mlango ukigoma mwezi wa tisa usikimbilie seremala

Nlijenga nje kidogo ya Tabora mjini, kiwanja kilikuwa bei chee nkajiona mjanja, kumbe pale wenyeji walikuwa wanalima mpunga na huku kwetu kila mtu anajua mpunga unalimwa wapi. Mbugani. Ule udongo mweusi, masika unanata mpaka unavua ndala ubebe mkononi, ikifika Agosti unapasuka mkono unazama. Fundi akasema bosi hapa tuongeze nondo, tukaongeza, nkahamia.

Mwaka wa pili kiangazi mlango wa chumbani ukaanza kugoma kufunga. Nkaita seremala akaupiga randa, hela ikatoka, mvua ziliposhika mlango ukawa unapwaya! Mwaka uliofuata ndo ukaja ufa, umeanzia kona ya dirisha unashuka kwa mshazari mpaka chini, upande wa magharibi tu.

Alonisaidia ni mzee jirani, alishafanya kazi za barabara miaka mingi. Akazunguka nyumba kimya afu akasema mwanangu, udongo huu ukinywa maji unavimba ukikauka unasinyaa, ila nyumba haichanwi na kusinyaa, inachanwa na kusinyaa upande mmoja. Nkaangalia kweli, mashariki maji ya bafuni yanamwagika hapohapo mwaka mzima, magharibi jua la mchana lote linapiga na nina mikaratusi mitatu hata mita nne kutoka ukutani haifiki. Yaani huku nanywesha huku nanyonya.

Saizi mvua zikishakata, mwezi wa sita hivi, naanza kumwagilia kabla udongo haujapasuka. Mpira nimeutoboa kwa msumari wa moto, nautandaza kama nusu mita kutoka ukutani kuzunguka nyumba nzima, jioni unadondosha taratibu, mara mbili kwa wiki. Mama watoto alinicheka sana, eti namwagilia ukuta kama mchicha. Kama huna bomba toboa madumu tundu dogo chini uwe unayahamisha, ila usipitishe ndoo ukamwaga puu kwenye msingi, na kama udongo umeshaachana na ukuta usimwage maji kwenye ule mwanya kabisa maana yanaingia moja kwa moja chini ya msingi. Ule mwanya pia usiujaze mchanga, udongo ukivimba utakosa pa kwenda utasukuma ukuta. Na ukiwa umelala mpaka Oktoba usije ukashtuka ukafungulia maji usiku kucha, utauvimbisha ghafla, bora kidogo kidogo.

Juu natandaza pumba za mpunga zizuie jua, lakini naacha kama shubiri mbili kutoka ukutani, mchwa wa huku mnawajua wenyewe.

Maji ya bafuni nliyachimbia karo mbali. Mikaratusi nakata mmoja mmoja, sio yote kwa mkupuo, mzee alinambia mti mkubwa ukiondoka yale maji uliokuwa unakunywa yanabaki ardhini na udongo unaanza kuvimba.

Ufa wenyewe msiwahi kuuziba na simenti wakati wa kiangazi ukiwa umeachama, mvua zikija ukuta unataka kurudi unakuta simenti, unapasukia pembeni. Mi nlichora mstari wa penseli mwisho wa ufa nkaandika tarehe. Ukiona kidole kinaingia, au masika yanaisha na bado unakua, hapo tafuta injinia, mpira hautakusaidia.

Wale mliojenga juu kwenye mchanga, na sehemu nyingi za mji ni mchanga, msijisumbue. Chukua bonge lowanisha ulisokote, likitoka kama uzi mrefu bila kukatika uko mbugani mwenzangu.

Mstari wangu wa Oktoba iliyopita ufa haujauvuka. Mlango bado unagoma kidogo mwezi wa tisa, nausukuma na bega tu, namba ya seremala nlishaifuta.